Baba Kapumzika

Wimbo ule ukianza redioni, pale kwa dobi redio huzimwa. Hakuna aliyewahi kutoa amri hiyo. Yule wanayemwita Wanga, kwa kuwa kazi yake ni kutia wanga kwenye kola na vitambaa vya meza, hupangusa mikono kwenye aproni, hunyoosha kidole na kubonyeza. Sauti za kwanza za piano hukatika kabla msichana hajafungua mdomo. Kinachobaki ni mvuke ukipumua kwenye pasi, na maji yakidondoka mahali fulani nyuma ya mashine. Mzee wa pasi hainui uso. Huendelea na shati lililo mbele yake. Wimbo ukishapita, na wote wanaujua urefu wake bila kutazama saa, Wanga huiwasha redio tena, na mtu huanza kuzungumzia mpira.

Kwingineko mjini, wimbo huo huo ukianza watu huongeza sauti. Hupigwa kwenye magari yanayorudi makaburini, kwenye simu za wajane, kwenye vyumba vya wanafunzi ambao hawajawahi kufiwa na mtu ila wanapenda kuhuzunika. Anayeuimba ni binti wa yule mzee wa pasi. Alizaliwa juu ya duka hilo, akakulia humo, na kimya kile ndicho alichokiacha alipoondoka.

Watu wanamjua kwa jina la Chiriku, na wengi hudhani alilichagua mwenyewe kwa ajili ya sauti yake. La hasha. Wanga ndiye aliyembandika jina hilo akiwa mdogo, kwa dhihaka, maana chiriku ni ndege asiyefunga mdomo na mtoto yule alikuwa hasemi. Aliweza kukaa mchana kutwa chini ya meza ya kukunjia nguo, akisikiliza, midomo imebana. Wanga akainama siku moja akamwambia, "Chiriku, punguza maneno, unatuumiza vichwa." Mtoto akamtazama tu. Jina likaganda, na baba yake akawa Baba Chiriku, mama yake Mama Chiriku. Wanga mwenyewe hakuwa na uso wa kucheka majina ya watu. Wateja wapya wakisikia sauti ikiita kutoka nyuma, "Wanga, njoo uone kola hii," wapo waliorudi mlangoni kinyumenyume wakidhani wameingia kwa wachawi.

Nyumba yao ilikuwa vyumba viwili juu ya duka, na sakafu ilikuwa na joto mchana kutwa kama ubavu wa mnyama aliyelala, kwa sababu ya mashine za kukaushia zilizokuwa chini yake. Mama Chiriku alikaa dirishani akibadilisha zipu na kurudishia vifungo vilivyoliwa na mashine. Baba alikuwa chini, kwenye pasi. Kola kwanza, kisha mabega, kisha mikono, kifua mwisho. Anayeanza na kifua, alikuwa akisema, atakikunja tena akifika kwenye mikono. Kazi hiyo hufanywa kwa kusimama, na haina mwisho, kwa kuwa watu hawaachi kuvaa.

Jioni alipopanda ngazi, alivua viatu mlangoni, akajinyoosha kwenye kochi, mkono wa kulia ukining'inia nje, akasema, "Jamani, nimepumzika." Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba. Baba kapumzika maana yake usiburute kiti, usifungue bomba hadi mwisho, usicheke kwa nguvu. Mtu akibisha hodi, Mama Chiriku alifungua mlango kidogo akamnong'oneza kwamba Baba Chiriku kapumzika, aje kesho. Mtoto alitumwa kutazama kama mzee amelala kweli au amefumba macho tu, naye alikuwa na namna yake: alimgusa kiganja. Kiganja kile kilikaa na moto wa pasi muda mrefu baada ya pasi yenyewe kupoa. Baba akiwa macho, vidole vilifumba juu ya vidole vya mtoto. Akiwa amelala, havikufumba.

Neno likikaa sana ndani ya nyumba moja, huvua viatu. Watu wa nyumba ile hawakusikia kitu kingine ndani ya neno lao. Lakini nje ya mlango ule, mtu mzima akiambiwa kwamba fulani kapumzika, huvua kofia.

Piano aliikuta kwa njia ya vitambaa. Dobi alikuwa akifua vitambaa vya meza vya hoteli moja ya mtaa wa pili, na Chiriku, alipofika umri wa kuaminiwa na mzigo, ndiye aliyevipeleka. Katika ukumbi wa chakula wa hoteli hiyo kulikuwa na piano ya zamani yenye alama za glasi juu yake, iliyowekwa pale na mwenye hoteli aliyetangulia, na haikuwa na mpigaji. Shuleni kulikuwa na mwalimu wa muziki aliyemfundisha mambo ya mwanzo, mpaka somo lenyewe lilipofutwa na mwalimu akahamishiwa hesabu. Yaliyobaki alijifunza mwenyewe, alasiri, ukumbi ukiwa umefungwa na viti vimepandishwa juu ya meza. Msimamizi wa ukumbi, mwanamke mnene mwenye huruma aliyejifanya mkali, alimruhusu kwa sharti kwamba ataipangusa piano kila anapomaliza, na kwamba hatapiga kitu cha kumkumbusha mume wake.

Akamaliza shule, akabaki kwenye vitambaa. Asubuhi alikunja, mchana alipeleka, alasiri alipiga. Alitunga taratibu, akimumunya maneno chini ya mlio wa mashine ambako hakuna mtu angeyasikia. Mama alimwona midomo ikicheza, akadhani anaomba.

Wimbo ule aliutunga wiki moja ambayo hoteli ilikuwa na sherehe na vitambaa havikwisha, na baba yake alikuwa akipanda ngazi jioni akishikilia ukuta. Ni wimbo mfupi. Unasema baba kapumzika, shusheni sauti. Unasema viatu vyake viko mlangoni, vimetazama ndani. Unasema mguseni mkono, ungali na moto. Unasema msimwamshe, kesho ina kazi yake. Aliurekodi mwenyewe pale ukumbini, simu ikiwa imelazwa juu ya rundo la vitambaa safi ili isidake kelele za meza, na mwishoni mwa rekodi hiyo ya kwanza, ukisikiliza vizuri, unamsikia msimamizi akivuta makamasi. Akauweka mtandaoni kama mtu anavyoweka barua chini ya mlango, akaondoka.

Hakuwa na kampuni wala meneja. Baadaye gazeti moja lilimwita msanii wa kujitegemea, na mama yake aliposomewa alicheka. "Kujitegemea gani, na chai unakunywa yangu?"

Mtangazaji mmoja wa vipindi vya alasiri aliusikia, akaupiga. Kabla ya kuupiga alishusha sauti akasema kwamba huu ni wimbo wa binti anayemlilia marehemu baba yake, na kwamba yeye mwenyewe ulimtoa machozi, hasa pale kwenye mkono ulio bado na moto, yaani mzee ndiyo kwanza amekata roho. Kwa dobi wote walikuwepo. Baba Chiriku alikuwa na suruali ya mtu mezani. Wimbo ukaanza, ukaisha. Wanga akageuka pole pole.

"Marehemu," akasema, "hiyo suruali inaungua."

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Baba Chiriku ndiye aliyecheka zaidi. Aliinua pasi, akaitazama suruali, haikuwa imeungua kitu, akawaambia kwamba hata wakubwa wa nchi hawaimbiwi vizuri hivyo mpaka wafe kwanza, yeye kaimbiwa na chakula cha mchana kakila. Siku kadhaa walimwita marehemu. Marehemu, chai tayari. Marehemu, mteja wako wa suti nyeupe kaja. Alipanda ngazi na utani huo akampelekea mkewe, naye mkewe hakucheka.

"Maneno huumba," alisema. Basi.

Wimbo ukaenda. Ukawa wa kwanza kuombwa katika kipindi kile, ukaingia kwenye vipindi vingine, ukaanza kupigwa misibani. Mpangaji mwenzao wa zamani, aliyehamia mbali, alifika siku moja na mkate mrefu chini ya kwapa na uso wa kilio, akamkuta marehemu anakula ugali, akasimama mlangoni hajui aanze na pole au aanze na shikamoo. Ndugu walipiga simu. Wengine, wakiambiwa mzee yupo, walilaumu kwamba wamedanganywa, kana kwamba uzima wake ni utovu wa adabu. Mama Chiriku alichoka kueleza. Alipokea simu akasema tu, "Yupo, huyu hapa," akampa mumewe, na mumewe akasema "haloo" ya mtu anayetoa ushahidi.

Ndipo redio ile ilipomwita Chiriku studioni. Siku moja kabla, baba yake alimwomba jambo moja. Hakulifanya kubwa. Alikuwa kochini, amefumba macho, binti anapita.

"Kesho huko, wakikuuliza," alisema, "sema tu nipo."

"Nitasema, baba."

Alasiri ya pili yake redio ya kwa dobi iliongezwa sauti. Mashine moja ilizimwa ili wasikie. Mama Chiriku alishuka na uzi mdomoni. Mtangazaji alimkaribisha, akamsifu, kisha akashusha sauti kama alivyozoea.

"Chiriku, kwanza pole, najua ni kidonda. Baba alituacha lini?"

Redio ikanyamaza. Kwa wasikilizaji wengine kilikuwa kimya cha mtu anayemeza kilio. Kwa dobi walikuwa wanamjua, walijua kwamba yule mtoto akinyamaza anafikiri. Baba yake aliisogeza pasi pembeni, akaisimamisha.

"Naomba nisilizungumzie hilo," Chiriku akasema.

"Tunaelewa, dada yangu. Tunaelewa kabisa," mtangazaji akajibu, na sauti za kwanza za piano zikaingia. Siku hiyo ndipo Wanga alipozima redio kwa mara ya kwanza.

Kwa nini hakusema? Hakuwa mwongo. Lakini simu yake ilikuwa imejaa watu. Mwanamke mmoja alimwandikia kwamba tangu amzike baba yake hakuwahi kulala usiku mzima mpaka aliposikia wimbo ule. Kijana mmoja alimwandikia kwamba alichelewa kufika hospitalini, hakuwahi kuugusa mkono ule ungali na moto, na sasa anaugusa kila siku ndani ya wimbo. Utawaambia nini watu kama hao? Na kulikuwa na mwandaaji wa matamasha, bwana mtanashati mwenye kauli laini, aliyemtafuta kabla hata ya redio na kumwahidi jukwaa. Chiriku alikuwa amemdokeza ukweli, na bwana yule akavua miwani. Wimbo huo una nguvu kwa sababu ya mzee aliyekufa, alimwambia. Ukisema yupo, unabaki kuwa wimbo wa mtu aliyelala kochini.

Chiriku aliyarudia maneno hayo kwa msimamizi wa ukumbi na kumuuliza kama ni kweli. Msimamizi alisema haoni ubaya wa mtu kulala kochini. Ila aliongeza, kwa kuwa alikuwa mkweli, kwamba huenda yeye hangeulilia.

Nyumbani hakukuwa na ugomvi. Baba alisema chai ipo. Chiriku akanywa. Alingoja aulizwe, na kwa kuwa hakuulizwa alijiambia kwamba jambo limepita.

Siku chache baadaye mwanamke mmoja alikuja kaunta na suti ya kijivu mkononi. Walio kwenye kazi hii huijua suti ya namna hiyo kabla haijafunguliwa. Huletwa na mtu asiyetaka kuiachia, na mwenyewe haulizwi lini ataifuata. Baba Chiriku mwenyewe aliipokea. Miaka yote suti za namna hiyo alizipiga yeye, hakumwachia mtu, kwa sababu hazitakunjwa tena. Mwanamke akasimama pale akimtazama anavyofanya kazi, akaanza kusema, kama wanavyosema. Alisema mumewe alikuwa mtu wa kelele, nyumba sasa inamtisha. Alisema kesho watapiga ule wimbo wa yule binti aliyefiwa na baba, je, mzee anaufahamu? Baba Chiriku alisema anaufahamu. Mwanamke akasema yule binti lazima alimpenda sana baba yake. Akauliza kama mzee ana watoto.

Alisema anaye mmoja. Akamaliza suti, akaitundika kwenye hanga, akaifunika, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Jioni, kochini, alimweleza binti yake habari hiyo yote, na ilikuwa mara ya kwanza kumwongelesha kirefu tangu siku ya redio. Alisema kwamba leo na yeye ameulizwa, na yeye hakusema. Angemwambia nini yule mama, kwamba marehemu wa kwenye wimbo ndiye huyu anayemnyooshea mumewe suruali? Kwa hiyo hamlaumu. Sasa wako wawili. Lakini kuna tofauti, alisema, akageuza shingo ili amwone vizuri. Yeye amenyamaza mbele ya mtu mmoja aliyekuwa na kilio kibichi. Chiriku atasimama mbele ya watu wengi, na kipaza sauti mkononi.

"Sikudai uniimbe," alisema. "Uliniimba mwenyewe. Sasa usiniache huko."

Tamasha lilikuwa Jumapili alasiri, katika ukumbi wa maana, wenye viti vya kitambaa chekundu na mapazia ambayo Wanga alisema yangewatoa jasho mwezi mzima kuyafua. Walikuwa wasanii wapya kadhaa, na Chiriku ndiye wa mwisho, mahali pa heshima. Baba yake alitaka kwenda. Alikuwa hajawahi kumsikia akipiga mbele ya watu, ila mbele ya viti vilivyopinduliwa, siku chache alizopita hotelini mwenyewe kuchukua vitambaa. Alitoa suti yake, akaipiga pasi mchana kweupe mbele ya wenzake, nao wakampisha mezani kama bwana harusi.

Jumamosi ya kuamkia siku hiyo Chiriku alimjia mama yake jikoni, kisha baba yake sebuleni, na wazo ambalo alikuwa amelifikiria siku nyingi na kuliona ni jema. Ukumbini watu watauliza. Mwandaaji, ambaye ukweli anaujua, atauliza amtambulishe kama nani. Basi baba akiulizwa aseme kwamba yeye ni baba mdogo. Mdogo wake marehemu.

Mama Chiriku aliweka sufuria chini. Baba yake akacheka kidogo puani.

"Baba mdogo si baba vilevile?" Chiriku akasema haraka, kwa maneno mengi kuliko kawaida yake. "Sijasema mpangaji, sijasema jirani. Nitakuita baba mbele ya watu wote. Hakuna atakayeshangaa."

Na kweli lilikuwa limepangika vizuri. Katika lugha yetu mtu anaweza kuwa na baba watatu na asimdanganye hata mmoja. Baba yake alilifikiria, akatazama suti yake ukutani. Alitaka kumsikia akipiga. Akakubali.

Mlangoni pa ukumbi mwandaaji aliwapokea mwenyewe, akamshika mzee mkono kwa mikono yote miwili, akamwambia pole sana baba mdogo kwa kuondokewa na kaka. Mzee alitazama viatu vyake.

"Tushapoa," akajibu.

Wakaketi safu ya mbele, mama na shemeji yake. Wasanii wakapita mmoja mmoja. Zamu ya Chiriku ilipofika, aliketi kwenye piano kubwa nyeusi, akarekebisha kipaza sauti, na hapo mwandaaji akapanda jukwaani bila kutarajiwa. Alisema kabla ya wimbo huu anaomba jambo dogo. Alisema wimbo una mwenyewe, na mwenyewe hayupo, ila leo yupo mdogo wake wa damu, akamwonyesha kwa mkono. Akaomba ukumbi mzima usimame, wamkumbuke marehemu kwa kimya.

Viti vyekundu vikalia. Watu wote wakasimama. Mama Chiriku hakusimama, mikono ameipakata mapajani, akitazama mbele kama mtu aliye kwenye foleni. Mumewe alimtazama, kisha akatazama jukwaani. Binti yake alikuwa pale, kipaza sauti kiko mdomoni, ukumbi umenyamaza, na hakuna aliyekuwa na haki ya kusema kitu isipokuwa yeye. Mzee akangoja. Wale walioketi nyuma yake walisema baadaye kwamba baba mdogo alichelewa kusimama, labda kwa uchungu au kwa miguu. Kisha alijiinua, akafunga kifungo cha koti, akainamisha kichwa pamoja na wengine.

Chiriku akaweka vidole kwenye piano, akaanza.

Waliomsikia siku hiyo husema hajawahi kuimba vile. Magazeti mawili yaliandika habari zake, na ndipo lilipoandikwa lile la kujitegemea.

Asubuhi alitoka chumbani, akamkuta baba yake na kikombe cha chai, tayari kushuka kazini.

"Shikamoo, baba."

Mzee aliweka kikombe chini. "Baba kapumzika," alisema kwa upole. "Umesahau? Jana tumemsimamia. Mimi ni mdogo wake." Kisha akaitikia. "Marahaba, mwanangu."

Chiriku alingoja tabasamu lifuate. Halikufuata. Halikufuata jioni wala kesho yake. Hakukuwa na chuki ndani yake, na hilo ndilo lililomtesa. Mzee alimuuliza hali, alimwachia chai, alimtakia heri katika muziki wake, vyote kwa adabu ya baba mdogo aliyekuja kutazama nyumba ya kaka yake. Hakulala tena kochini. Akipanda ngazi jioni alivua viatu, akaketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, mgongo umenyooka, kama mgeni anayengoja kuruhusiwa kuondoka. Wanga alimsihi kule chini dukani, akamwambia hasira hasara, yule ni mtoto. Akajibiwa kwamba hakuna hasira. Mtu akishasimamiwa na ukumbi mzima hawezi kurudi kuwasumbua watu.

Mama Chiriku alisema lake mara moja tu, jikoni, kwa sauti ya chini iliyozoeleka nyumbani mle.

"Kwako wewe baba mdogo ni baba. Kwangu mimi ni shemeji. Umeniingizia shemeji ndani, mwanangu. Nilale wapi?"

Siku hiyo hiyo Chiriku aliandika kwenye ukurasa wake, pale ambapo maelfu walikuwa wakimfuata. Hakutafuta maneno. Aliandika: Baba yangu yu hai. Akakaa na simu mkononi akingoja hasira za watu, waseme ni tapeli, waudai wimbo machozi yao. Alikuwa tayari. Majibu yalikuja kwa wingi. Kweli dada, yu hai mioyoni mwetu. Wazazi hawafi, dada. Hata wangu yu hai, namwona ndotoni. Mtu mmoja alimchorea mshumaa. Aliandika tena, kwa kirefu zaidi, kwamba baba yake ni mpiga pasi, yuko chini sasa hivi, anafanya kazi. Wakamjibu kwamba huko aliko anawanyooshea malaika mavazi.

Alimpelekea baba yake simu. Mzee aliivaa miwani, akasoma pole pole, kidole kikiteremka, mpaka mwisho. Alisoma kile cha malaika mara mbili. Kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile kitu kilicheza kwenye midomo yake, na binti akakisogelea. Lakini mzee alimrudishia simu tu.

"Sasa umesema," alimwambia. "Ahsante. Walikuwa wanakungoja ukumbini."

Chiriku aliondoka mwisho wa mwezi. Hakufukuzwa. Baba yake alimbebea mzigo hadi barabarani, akamwekea kwenye gari, akamuaga kama mtu anavyomuaga mtoto wa kaka yake, kwa maneno mazuri. Wanga alitoka nje na mikono yake myeupe ya wanga, hakuweza kumpa mkono kwa hofu ya kumchafua, akamwambia apunguze maneno huko aendako.

Hupiga simu nyumbani. Mama hupokea, wanaongea kuhusu zipu, miguu, mvua. Akimuulizia mzee, mama husema yupo, huyu hapa, lakini simu hampi, kisha huzungumza kitu kingine. Wimbo bado anauimba kila anapoitwa, kwa kuwa ndio wanaomwitia. Ameshaalikwa kwenye miji mingine miwili. Nyimbo zake mpya ni nzuri kuliko ule, wanasema wanaojua, ila watu huzisikiliza wakingoja ziishe.

Sasa anakaa chumba kimoja juu ya karakana ya vioo, upande wa pili wa mji. Asubuhi anafundisha watoto wa shule ya msingi kuimba. Anarekodi albamu yake ya kwanza humo chumbani, na piano yake ya umeme ameiweka kando ya sinki, kwa sababu ndipo ilipo soketi.